Waya wa Saba

Bustani ile ilikuwa na vali sita za kumwagilia, lakini maji yalifunguka mara saba. Zile sita zilifunguka alfajiri, kama zilivyopangwa. Kisha saa saba mchana, jua likiwa utosini, kitu kikalia tak! karibu na kisima cha zamani kilichozibwa kwa zege, na maji yakabubujika mahali pasipo na mche hata mmoja.

"Mkwe wangu ana mimba ya miezi minane," mama mwenye nyumba alimwambia fundi. "Akiteleza kwenye tope lile, nitamtazama vipi mwanangu akirudi safari?"

Fundi aliitwa Koleo, maana hata siku ya harusi yake alikutwa na koleo mfukoni. Ufundi alifunzwa na marehemu mume wa mama huyu, ambaye ndiye aliyetandaza mabomba yote yale. Basi alikuja na kiburi kidogo, kama mwanafunzi aliyeitwa kusahihisha daftari la mwalimu wake.

Akapima vali moja baada ya nyingine. Zote nzima. Akafungua kisanduku cha saa ya kumwagilia, akakuta waya wa saba, mweupe, usio na namba, umeungwa kwa kificho nyuma na kuzama ardhini kuelekea kisimani. Akaugusisha kipimo. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda tena taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mama, mzee alifunga nini kisimani?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ila marehemu alikuwa mkali: saa saba mtu asioge, asifungue bomba ndani. Mambo ya wazee tu hayo."

Hapo Koleo angeuliza zaidi. Lakini mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba waya usiojulikana kazi yake hukatwa. Akaukata.

Saa saba ikafika, kisimani kimya. Mama akacheka kwa furaha. "Mikono yako haina mfano!"

Kisha bomba la jikoni likajifungua.

Likafuata la uani, na la kunawia mikono, na harufu ya maji yaliyolala miaka mingi gizani ikajaa nyumba nzima, na kutoka bafuni, ambako mkwe alikuwa ameingia kuoga, ikasikika sauti ya maji mengi kupita bomba lolote, na ndani ya sauti ile mtu akinong'ona, akinyamaza, akinong'ona tena kama anayesubiri jibu.

"Mwanangu, fungua!" mama alilia, akiusukuma mlango usio na komeo wala ufunguo.

Koleo alielewa. Mzee hakuwa amekosea. Maji ya saa saba yalikuwa fungu la kile kilichomo kisimani, kipewe huko huko nje kisije kikalidai ndani. Akakimbia, akauunga waya, umeme ukimchoma vidole asiusikie.

Tak! Maji yakabubujika bustanini. Ndani mabomba yakajifunga yote kwa pamoja, na mlango wa bafu ukafunguka wenyewe.

Mkwe akatoka, mzima, kanga imemganda mwilini, mikono tumboni.

"Anacheza, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hana neno."

Mama akamkumbatia, akalia, akamshukuru Mungu. Koleo akaketi chini palepale alipokuwa.

"Kilikuwa kinataka nini?" mama akanong'ona.

"Kiliongea kwa sauti ya baba mkwe. Kiliniuliza mtoto ataitwa nani." Mkwe akaishika kanga yake. "Nilidhani ni yeye, Mama. Nikakitajia."

Huko nje, kutoka chini ya zege, sauti ya marehemu ilianza kuita jina la mtoto ambaye hajazaliwa, kwa upole, kama babu anavyomwita mjukuu aje aogeshwe.