Chumba cha Tumar

Sairakan alikuwa uani anakaanga boorsok, maandazi madogo ya kwao. Ungemwona ungedhani kuna arusi. Beseni la kwanza limejaa, la pili limejaa, na bado anakata unga. Mama huyu akifurahi hukaanga, na akiwa na wasiwasi hukaanga vilevile. Siku hiyo alikuwa na yote mawili.

Furaha ililetwa na mkwewe, Aizirek, mke wa mwanawe. Habari ya chuo ilikuwa imeingia kwenye simu: amechaguliwa kusomea udaktari wa mifugo huko Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia, kuanzia Septemba. Chai haijapoa, Sairakan alishaitangaza habari hiyo mtaa mzima wa At-Bashy. Wala hakuona haya kujisifu. Mwezi wa Aprili ng'ombe wao alishindwa kuzaa. Ndama alikaa vibaya tumboni, na daktari wa karibu yuko mwendo wa nusu siku. Aizirek akapandisha mkono wa shati, akaingiza mkono, akamgeuza ndama taratibu. Wote wawili wakapona, ng'ombe na ndama. Tangu siku ile Sairakan aliapa kwamba msichana huyu lazima asome.

Wasiwasi uliletwa na Tumar, mjukuu wake wa kwanza, mwenye miezi kumi.

Kwao, mjukuu wa kwanza kulelewa na bibi si jambo geni. Majirani walisema hivyo, na Sairakan mwenyewe alikuwa ameshamshonea kigodoro. Lakini zile siku mbili ambazo Aizirek alikwenda kufanya mtihani, Tumar alikataa chupa, akakataa kijiko, akakataa uji, akamkataa hata bibi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mama aliporudi, mtoto alinyonya huku ana kwikwi. Sairakan akakifungia kigodoro kabatini. Aliumia, lakini ukweli aliuona. Mtoto hawezi kubaki.

Basi aende na mama yake. Haya, wakakae wapi? Binamu yao wa Bishkek ana vyumba viwili na watu saba. Wenye nyumba za kupangisha, wakisikia kuna mtoto, wanakata simu. Na bweni la chuo je? Hapo kila mtu wa At-Bashy alikuwa na jibu. Bweni ni la wasio na ndoa, wanne wanne chumbani. Mwenye mtoto hata mlangoni hafiki. Kwa hiyo kwenye fomu ya chuo, palipoulizwa kama anahitaji malazi, Aizirek alikuwa ameandika hapana.

Walipokaa kunywa chai, Aizirek alisema kwa sauti ndogo kwamba atasubiri mwaka mmoja, labda miwili, Tumar akue. Mumewe Mirlan, fundi wa kuchomelea vyuma, aliinamia kikombe chake. Alijua, na mama yake alijua, kwamba nafasi ya chuo haimsubiri mtu.

"Nani kaliona hilo bweni kwa macho yake?" Sairakan akauliza.

Aizirek akamtazama Mirlan, Mirlan akamtazama mama yake.

"Kumbe tunasimuliana tu. Kesho naenda kuliona."

Akaenda kweli, na Aizirek, na Tumar mgongoni, na mfuko wa boorsok wa kulisha darasa zima.

Msimamizi wa mabweni aliitwa Gulsun. Alikuwa mama mfupi, mwenye fungu la funguo kiunoni na ndara miguuni, na alitembea kwa haraka kana kwamba kuna maji yanamwagika mahali. Alipoambiwa shida yao, alimtazama Tumar, akautazama mfuko, akachukua boorsok mbili, moja akampa mtoto.

"Wewe fomu uliandika huhitaji malazi?" akamuuliza Aizirek.

"Ndiyo, dada. Tuliambiwa wenye watoto hawaruhusiwi."

"Mliambiwa na nani?"

Aizirek akamwangalia mkwewe. Sairakan akaangalia dari.

Gulsun hakuwagombeza. Alisema tu kwamba kila mwaka vyumba vyake vya familia vinakaa wazi hadi siku za mwisho, na kila mwaka kuna mama anaiacha nafasi yake ya chuo, kwa sababu hakuna aliyekuja kuuliza. Akawaambia wamfuate.

Walianza ghorofa ya kwanza. Vyumba vya wanne, bei yake ndiyo ya chini, na wanafunzi wapya wengi huanzia hapo. Vitanda vinne, kabati mbili, jiko moja la ghorofa nzima. Ghorofa ya tatu kuna vyumba vya wawili, vina utulivu kidogo, na wa miaka ya juu huvigombania. Halafu wakapanda ghorofa ya nne. Hapo Sairakan alisikia harufu ya vitunguu vinakaangwa. Akaona nepi zimeanikwa, na gari la mtoto limeegeshwa ukutani.

Chumba alichofungua Gulsun kilikuwa na dirisha pana, vitanda viwili, na nafasi ya kutosha kuweka susu ya mtoto. Familia mbili zinatumia jiko moja. Mlango mkuu hufungwa saa tano usiku, na kila wiki usafi hukaguliwa. Mume anaruhusiwa kukaa hata kama yeye hasomi. Aizirek alikwenda dirishani akauliza madarasa yako wapi. Gulsun akamwonyesha jengo la manjano ng'ambo ya uwanja.

"Dakika nne," akasema. "Wenye watoto hapa hutoka darasani, wakaja kunyonyesha, wakarudi kipindi cha pili."

Aizirek aliligeukia dirisha asionekane machozi. Sairakan alimwacha. Yeye mwenyewe alikuwa anajipangusa na kitambaa chake cha kichwa.

Vilikuwa vimebaki vyumba viwili, na orodha inafungwa tarehe ishirini na tano Agosti. Gulsun akataja vinavyotakiwa: barua ya maombi, picha, cheti cha daktari pamoja na picha ya kifua, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na cheti cha ndoa.

Cheti cha ndoa hawakuwa nacho.

Sairakan akachomoa simu yake, akaanza kumwonyesha Gulsun picha za arusi. Huyu hapa imamu anafungisha ndoa. Hawa hapa wageni mia mbili. Huyu hapa farasi jike waliyemchinja, na alikuwa mnono kweli.

"Nimemwona," Gulsun akasema. "Lakini mama, farasi mmeshamla. Hawezi kuja ofisini kunitolea ushahidi."

Aizirek aliangua kicheko kabla hajajizuia, akaziba mdomo. Sairakan alitaka kununa, akashindwa, akacheka naye. Lakini ndani alikuwa anawaka kwa aibu. Maana yeye ndiye aliyesema wakati ule kwamba karatasi si kitu, watakwenda kwa msajili wa ndoa nyasi zikishavunwa. Nyasi zilivunwa. Zikavunwa tena mwaka uliofuata.

Gulsun akakaa kitandani, akaeleza pole pole. Ndoa ya imamu ni heri, hakuna anayeibishia. Ila chuo hakina macho ya kuona arusi, kinaona cheti. Wala si chuo tu. Mume akifariki, au wakiachana, mke asiye na cheti hupata tabu kudai haki yake na ya wanawe.

"Maombi andika leo hii, na lile jibu la 'hapana' tulibadilishe," alimwambia Aizirek. "Cheti utaleta kabla ya tarehe ishirini na tano. Kwa msajili watawaambia msubiri muda mrefu. Mwambieni mna mtoto na mna barua ya chuo, mwombe mpunguziwe. Msipoomba, hamtapewa."

Ikawa hivyo. Karani wa msajili, kule kwao, aliwaambia wasubiri mwezi mzima. Sairakan hakubishana. Aliweka mezani cheti cha kuzaliwa cha Tumar, akaweka barua ya chuo, kisha akamweka Tumar mwenyewe. Tumar akauvuta muhuri. Karani akasoma karatasi zote, akawapa fomu ya kuombea muda mfupi, na siku ya tatu jibu likaja. Waje tarehe ishirini na mbili.

Siku hiyo Mirlan alitoka moja kwa moja kwenye uvunaji, nyasi zimemjaa nywelini. Mama yake alimchambua moja moja mbele ya msajili kama anachambua mchele. Wakatia saini. Sairakan akakishika kile cheti kwa mikono miwili. Alisema kwamba karatasi ndogo hivi imemtoa jasho kuliko wageni mia mbili. Saa hiyohiyo Aizirek aliipiga picha akamtumia Gulsun, na tarehe ishirini na nne akaipeleka yenyewe. Walipewa chumba namba 407. Mirlan akapata kazi kwenye karakana karibu na chuo.

Mwisho wa Oktoba Sairakan alipigiwa simu. Tumar amesimama. Amepiga hatua mbili, ameanguka. Sairakan hakumaliza kusikiliza, alikwenda kutia mafuta kwenye karai.

Alifika na boorsok mifuko mitatu na kamba ya sufu aliyoisuka mwenyewe, nyeupe na nyeusi. Mtoto akianza kutembea, miguu yake hufungwa kamba, watu hushindana mbio, na mshindi ndiye huikata ili mtoto apate kwenda mbali maishani. Kwa kawaida hufanywa uani kwa bibi. Safari hii ilifanywa kwenye uwanja wa mabweni. Wanafunzi walitoka ghorofa zote, wa vyumba vya wanne, wa vyumba vya wawili, na wa ghorofa ya nne na watoto wao mabegani. Aizirek alikuja mbio kutoka darasani, koti jeupe bado mwilini. Gulsun alisema yeye ni msimamizi, hawezi kukimbia. Kisha akavua ndara akakimbia. Alikuwa wa tatu, akadai wa kwanza na wa pili hawajalipia taulo za bweni walizopoteza, akakichukua kisu cha kukatia kamba.

Kamba ikakatwa. Tumar alisimama katikati, anayumba.

Upande mmoja mama yake alikunjua mikono. Upande wa pili bibi alikunjua ya kwake, na moyoni alimwomba Mungu mtoto aje kwake, mara hii moja tu.

Tumar aliwatazama wote wawili. Akageuka. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akapiga ya tano, akaelekea kwenye mlango wa bweni, akafika kwenye ngazi, akaanza kuzipanda kwa magoti. Uwanja mzima ukacheka.

Sairakan naye alicheka, huku machozi yanamtoka.

"Mwacheni," alisema. "Mtoto anajua kwao."