Nakala Kwanza

Diski mpya ilikuwa SSD, bapa kama biskuti, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Haikuwa na sababu yoyote ya kugonga. Lakini iligonga. Tik. Kimya. Tik, tik.

Fundi Chapchap aliinamia laptopu mpaka kitambi kikagoma. Alikuwa ametengeneza kompyuta katika miji mingi, akarudi na sanduku la gurudumu moja na mke mwenye ulimi mkali. Majini ya kompyuta aliyajua yote: feni chafu na nyaya zilizolegea. Akaichomoa feni.

Tik.

Laptopu ni ya mshonaji wa mtaa wa pili, mjane. Alipoileta juzi alisema, "Weka diski mpya na mfumo mpya, kaka. Cha zamani usihamishe hata kimoja."

"Hata picha za marehemu, dada?"

"Hasa za marehemu."

Chapchap aliwahi kuona wajane wakisema hivyo, kisha wakarudi wanalia. Halafu yeye ana sheria moja: nakala kwanza. Jana akaipeleka diski ya zamani nyumbani, akanakili kila kilichomo, akakihifadhi kwenye kompyuta yake ya chumbani, maana dukani wezi walishamzoea. Leo akairudisha dukani, akasakinisha mfumo mpya kwenye diski mpya, akazima vikorokoro vyote vinavyoula muda, mashine ikawa inafunguka kabla hujapepesa jicho. Mwisho akaziweka humo picha za marehemu pembeni, ziwe zawadi. Roho nzuri, akili kisoda.

Sasa mvua ya mchana ilikuwa inapiga bati, na duka likaanza kunuka nywele zilizoungua. Akachomoa umeme, akatoa na betri. Kioo kikawa cheusi. Tik, ikasema mashine iliyokufa, na kutoka humo, ambamo hata spika zilishakosa umeme wa kusemea, ikatoka sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyerudi kazini na kukuta mlango umefungwa, ikaita, "Mke wangu," ikangoja, ikaita tena, na kila ilipoita ile harufu ilisogea karibu zaidi na pua ya fundi.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, viganja viwili mdomoni.

"Umehamisha nini?" alinong'ona.

"Picha tu, dada. Nilidhani utakuja kuzililia."

"Huyo si mume wangu. Hilo jini linaazima sauti ya unayempenda, linakuita. Ukiitika mara ya tatu, linakuchukua. Mume wangu alidhani anaitwa na mama yake."

"Mama yake alishakufa?"

"Alikuwa jikoni, mzima. Ndiyo maana hakushtuka."

Chapchap akaisukuma laptopu mbali naye.

"Mganga alisema limejificha kwenye picha zake, lifutwe kila lilipolala," mshonaji akaendelea. "Isibaki hata chembe."

Chapchap akarudisha umeme, akazifuta diski zote mbili, mpya na ya zamani. Sauti ikabembeleza kwa sauti ya marehemu, ikalia kama mtoto, kisha ikamtukana fundi kwa sauti yake mwenyewe, ile ile ya utani anayoitumia kwa wateja. Halafu ikakatika. Harufu nayo ikakatika.

Mshonaji akaketi sakafuni, akacheka huku analia. "Mungu akubariki, kaka. Hakuna nakala nyingine, eti?"

Chapchap alifungua mdomo. Simu ikaita. Mkewe.

"We mwanamume, mbona unaniita toka chumbani na huonekani?"

"Mimi niko dukani!"

"Dukani wapi, nami nakusikia hapa? Nimeshaitika mara mbili, 'nini tena, nini tena,' unanichezea tu. Na umeunguza nini humo?"

"Toka nje ya nyumba! Usiitike!"

"Usinipigie kelele sikioni," alisema mkewe, akaiondoa simu sikioni kama afanyavyo kila mumewe anapopaza sauti.

Kwa mbali, ndani ya simu, Chapchap akajisikia akiita. Hakuwa amewahi kumwita mkewe kwa upole ule tangu siku za uchumba.

"Mke wangu."

Chapchap alipiga yowe mpaka mshonaji akaziba masikio. Kule nyumbani hakuna aliyelisikia. Mwanamke mwenye ulimi mkali, kama aliyeguswa shavuni, akaitika kwa sauti laini ya bi harusi:

"Abee."