Sauti ya Kiume Nyuma ya Mlango

Duka la vitambaa lilifurika wateja siku hiyo, na kipande cha mwisho cha mahameli nyeusi kilikuwa kimeshikwa na watu wawili: fundi cherehani mmoja mpole, na dada mrefu mwenye gauni la kijani.

"Kaka, niachie. Nataka joho la mzimu."

"Mzimu anavaa mahameli?"

"Huyu wangu ni tajiri."

Fundi akacheka, akakiachia kitambaa, na moyo ukaenda nacho.

Dada huyo alikuwa mwigizaji. Alikuwa akiandaa mchezo uliotokana na hadithi ya kale ya kutisha, ya bibi harusi aliyefungiwa katika jumba lenye mizimu. Wahusika wote watano angewaigiza peke yake. Fundi akajitolea kushona joho. Alimpima mara tatu, ingawa mara moja ingetosha. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Mizimu haili."

"Basi nakuja, nile nawe unitazame."

Mazoezini, hata hivyo, alimkataza kabisa kuingia. "Utaniona siku yenyewe."

Wiki ya mchezo, fundi alimpelekea joho nyumbani. Alipofika mlangoni akasikia sauti nzito ya kiume: "Wewe ni mke wangu. Hutoki humu!" Akalitundika joho kwenye kitasa, akaondoka bila kubisha hodi, akazima simu.

Kwa siku nne alishona mikono ya mashati nje ndani. Dada yake wa kuzaliwa, aliyemsaidia kazini, akachoka kuyafumua, na Jumamosi alasiri akamburuta hadi ukumbini.

Jukwaani, mwigizaji alitanua mabega chini ya lile joho, akafungua kinywa, na ile sauti nzito ikatoka. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baada ya makofi alimkuta chumba cha kuvalia, akijifuta poda.

"Nilimsikia yule bwana mlangoni kwako. Nikadhani..."

"Ukadhani! Kuuliza kulikushinda? Nimekupigia siku nne. Nilifikiri umepata ajali. Yale machozi ya bibi harusi uliyoyaona, sikuyaigiza."

"Nisamehe, mpenzi. Niliogopa jibu."

"Kesho utasikia kikongwe chumbani kwangu, keshokutwa mtoto analia. Utazima simu kila mara?"

"Nitabisha hodi."

"Na nisipofungua?"

"Nitakaa kibarazani mpaka ufungue." Fundi akasogea karibu. "Nataka kukuoa."

Mwigizaji akageuka kutoka kwenye kioo.

"Unaniposa nikiwa na poda nusu uso?"

"Ningengoja umalize, ningeogopa tena."

Akamkabidhi kitambaa kibichi. Fundi akainama, akamfuta shavu la pili taratibu, mpaka chini ya kidevu. Huko nje dada wa fundi alikohoa mara mbili, hakuna aliyemjali.

"Nimekubali," mwigizaji akasema. "Lakini mama yangu utamwambia wewe mwenyewe."