Sauti Iliyobaki Ndani ya Mawe

Jiwe la tatu kutoka dirishani lilikuwa na joto. Mengine yote ya ukuta ule yalikuwa baridi. Hasna aliyagusa moja moja, akarudi kwenye lile la tatu. Joto lake lilikuwa la paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Ni jua tu," alisema Abdulsalam, mumewe.

"Upande huu jua halifiki."

"Basi ni jini." Akacheka kwa pua. "Shahada nzima ya chuo kikuu, unaogopa jiwe!"

Walikuwa wametoka Bweri kuja kupumzika siku nne katika nyumba hii ya mawe, nje kidogo ya Butiama. Daktari ndiye aliyeagiza. Mimba ya Hasna ilikuwa na miezi minne, na mbili za kabla yake ziliharibika.

Jana yake mtunza nyumba, mama mmoja aitwaye Nyangi, aliwazuia mlangoni. "Hapa tunapigaga hodi, hata kama hakuna mtu. Mnangoja kidogo, ndipo mnaingia."

"Nimeshalipa. Nipige hodi kwa popo?" Abdulsalam akausukuma mlango kwa kiatu. Mtu wa dharau huyo: alidharau wahudumu, madereva, hata mvua, na mkewe kila siku. Hasna alinong'ona hodi nyuma ya mgongo wake, akiona aibu.

Adhuhuri ya siku ya pili alikuwa akianua nguo aliposikia mumewe akizungumza ndani, kama mtu aliye kwenye simu.

"Dada, huyu mwanamke ni gunia lenye tundu. Na hii nayo ikimwagika, naoa mwingine."

Dirishani ilitoka harufu ya udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha, na Hasna alipochungulia akaona chumba kitupu, kitanda kimetandikwa vile vile alivyokitandika asubuhi, na sauti ile ikiendelea kutoka ukutani, kwenye jiwe la tatu, ikicheka kwa pua, na alipogeuka akamwona mwenye sauti amesimama kando ya gari, kitambaa cha kufutia vioo mkononi, mdomo ukifunguka na kufumbika kama wa samaki sato aliyetupwa mchangani, bila neno.

Nyangi naye aliisikia, akaja mbio. Hakuvuka kizingiti. "Hodi," alisema, akangoja.

"Karibu, mama yangu," sauti ya Abdulsalam ikaitikia, kwa upole ambao mwenyewe hakuwahi kuwa nao.

"Naomba umrudishie mgeni sauti yake."

"Hii aliyomsengenyea mkewe kwa dada yake? Maneno ni yake, mama. Mimi nimerudia tu."

Abdulsalam akatazama chini. Hasna akaelewa kwamba ni kweli.

"Mwanangu," Nyangi alimnong'oneza, "ondoka sasa hivi. Nyumba hii ikikuita, usiitike. Ukiitika tu, inakubakiza wewe na kilicho tumboni."

"Na yeye?"

"Huyo aliingia bila hodi. Hana wa kumwombea, labda wewe."

Abdulsalam akamshika mkewe mkono, macho yamejaa machozi. Hasna alimngoja aseme kitu. Alingoja kwa adabu, hadi akachoka, kisha akachukua funguo za gari.

Hakuwa amefika mlango wa dereva sauti ilipomfuata kutoka ndani, kwa ukali ule wa kila siku:

"Hasna! Chakula kiko wapi?"

Abdulsalam alikuwa ubavuni kwake, midomo imefumbwa. Lakini sauti haikumtisha Hasna kama kinywa chake mwenyewe, kilichokuwa kimeshafunguka kwa mazoea, na nusu ya "abee" ilikuwa tayari nje.