Viazi Alivyokula Malkia

Kwa maelezo ya Wilkister, mpika chapati wa Malaba ambaye chumba chake kimepakana na cha Ajiko, mambo yalikuwa hivi: Egesa, yule kijana wa maabara mwenye viatu vya kung'aa, alimuua nguruwe wa utafiti kwa makusudi, akamkatakata, akawauzia madereva wa trela wanaongoja kuvuka kwenda Uganda.

"Wakamla na kachumbari!" Wilkister aliapa, akilamba kidole na kukielekeza juu. "Na dawa za usingizi zote zimo ndani ya nyama. Dereva mmoja amelala kutoka hapa mpaka Tororo, gari inaendeshwa na turnboi, yule msaidizi wake!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walishika mbavu. Ajiko naye alicheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote, kisha akainama kufunga mtungi ambao haukuwa umejaa.

Hakuna aliyemla Malkia, nguruwe mwenyewe. Alizikwa nyuma ya mabanda, akamwagiwa chokaa. Na aliyemuua, Ajiko alimjua vizuri: ndiye aliyemwona kila asubuhi kwenye kioo akichana nywele.

Ajiko na Egesa walikutana sokoni Amagoro, siku ya soko lenyewe. Egesa alikuwa ametumwa na hospitali ya chuo kikuu kununua nguruwe. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kana kwamba anakwenda kubatizwa. Nguruwe mmoja jike akakata kamba, akapita katikati ya nyanya za watu, soko likalipuka kwa mayowe. Wanaume walimfukuza huku na huku. Ajiko, gauni la njano, leso kiunoni, hakukimbia. Alichuchumaa, akatikisa viazi vitamu kwenye beseni. Nguruwe akaja mwenyewe, polepole, kama bibi harusi.

"Dada, umemroga?" Egesa aliuliza akihema, matope mpaka magotini.

"Nguruwe hafukuzwi, kaka. Anaitwa."

"Na mwanamume je?"

"Huyo inategemea ana njaa kiasi gani."

Wiki haikuisha kabla Egesa hajamtafutia kazi ya kutunza mabanda. Nguruwe yule wakamwita Malkia. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mrembo wangu wa Teso?"

"Nimekula. Na wewe Msamia, umeshiba samaki?"

"Nimeshiba mawazo yako tu, laazizi."

"Basi utakonda, na mimi sitaki mwanamume wa mifupa."

Egesa alimweleza kazi yao kwa subira, bila kumdharau. Watu walikuwa wakiletwa kutoka Rukala na kwingineko, utumbo umetoboka kwa homa ya matumbo. Wanashonwa, kisha nyuzi zinaachia ndani, wanakufa. Madaktari walikuwa wanajaribu uzi mpya kwa nguruwe. Malkia alikuwa ameshashonwa na kupona. Sasa alitakiwa kulazwa na kupasuliwa tena, waone kovu limekaaje.

"Kesho anapigwa nusu kaputi," Egesa alisema. "Kuanzia sasa asile kitu, dia. Maji tu."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Lakini jua lilipoanza kushuka Malkia alilia. Aligonga hori tupu kwa pua, akamtazama Ajiko, akagonga tena. Kwao Ajiko mtu haanzi safari na tumbo tupu. Hata jogoo wa Krismasi hutupiwa punje kabla ya kisu. Akatazama huku, akatazama kule. Akaangusha viazi horini.

"Kidogo tu, mama," alimnong'oneza. "Uende salama."

Asubuhi, Malkia alipokuwa katika usingizi wa dawa, chakula kilipanda kooni kikaingia mapafuni. Alikufa kabla kisu hakijamgusa. Utafiti ukasimamishwa. Madaktari walikaa kikao, wakauliza kama mtunza mabanda angeweza kumlisha. Ajiko alikuwa mlangoni, ufagio mkononi.

"Ajiko? Hawezi," Egesa alisema. "Naapa kwa jina la mama yangu. Kosa ni langu, sikukagua hori."

Ajiko alifungua mdomo. Akaufunga, akafagia kizingiti. Egesa akasimamishwa kazi.

Tangu hapo simu ilipolia, Ajiko aliigeuza kifudifudi. Angesema nini na sauti ile inayomwita laazizi? Mwishowe Egesa alimfuata Malaba, akamkuta kando ya jiko la Wilkister. Shati lilikuwa lile lile jeupe, ila pasi haikuligusa.

"Ni kwa sababu sina kazi?"

"Hapana."

"Ama kuna dereva amekupata? Sema tu, Ajiko. Mimi si mtoto."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Ajiko alitazama mafuta yakichemka kwenye kikaango.

"Rudi kwenu, Egesa."

Aliondoka bila kugeuka. Wilkister, mkono kwenye unga, aliyaona yote, na kutokana na hayo na fununu za nguruwe aliyekufa, akaoka hadithi yake ya nyama.

Sasa, siku ile ya foleni ya maji, Ajiko alisikia kicheko chake mwenyewe kikiwa juu ya vingine vyote. Aliuacha mtungi hapo hapo. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Roselida, mkuu wa utafiti.

"Daktari, ni mimi nilimpa Malkia viazi."

Daktari alivua miwani. "Kwa nini?"

"Alikuwa analia."

"Wagonjwa wangu pia hulia, Ajiko. Nawanyima chakula kwa sababu nataka waamke." Aliipangusa miwani. "Na mbona leo?"

"Wanamcheka Egesa huko Malaba. Na mimi nimecheka pamoja nao."

Daktari alirudisha miwani machoni. "Egesa atarudi. Wewe hutarudi."

"Ndiyo, daktari."

Siku Egesa aliporudi kazini, Ajiko alimngoja nje ya lango la hospitali. Alivaa gauni la kawaida tu. Lile la njano aliona haya kulivaa. Egesa alishuka kwenye bodaboda, koti jeupe begani.

"Niliapa kwa jina la mama yangu," alisema, bila salamu.

"Nilisikia."

"Ukiwa umesimama pale na ufagio."

"Ndiyo."

"Si ungeniambia mimi peke yangu? Ningekuficha!"

"Ndiyo sababu sikukuam…" Ajiko alianza, kisha akaona huo nao ni uongo mwingine, uliovaa nguo nzuri. "Niliogopa utaniacha."

"Kwa hivyo ukaniacha wewe kwanza." Egesa alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mimi nilikuwa nalala nikiwaza nimekukosea nini. Nikimtukana dereva ambaye hata hayupo."

"Hukunikosea kitu."

"Sasa najua."

Alianza kuvaa koti. Machozi yalimlengalenga Ajiko, akayazuia. Aliona si haki alie mbele ya mtu huyu.

"Egesa. Ukitoka kazini jioni, unikute hapa? Nikungoje?"

Egesa alifunga vifungo vya koti kuanzia juu, kimoja kimoja. Cha mwisho kikakosa tundu. Alikuwa amekosea tangu mwanzo. Akavifungua vyote, akaanza upya, macho yakiwa chini.

Askari wa lango alikuwa ameshalisukuma wazi, na nyuma ya Egesa gari la wagonjwa lilikuwa linapiga honi.

"Boss," askari aliita, "unaingia ama unabaki?"