Mstari Uliokataa Kuhama

Kila asubuhi Kasi alifagia uwanja mbiombio, akanywa chai ingali moto, kisha akafunga kamba za viatu akiwa tayari langoni.

"Mwanangu, shule haina miguu, haitakukimbia!" mama yake alizoea kumwambia.

Jina hilo la Kasi alipewa na wanafunzi wenzake, naye alilijivunia.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu wa sayansi alimteua Kasi pamoja na msichana mwenzake, rafiki yake Mrefu, waeleze msawazo wa kikemia. Kuna mimenyuko ambamo vitu hugeuka vikawa vingine, na hivyo vingine vikarudi kuwa vya awali. Kwenda na kurudi kukilingana, huo ndio msawazo.

Badala ya kemikali, mwalimu aliwapa mabeseni mawili ya plastiki inayoonyesha ndani. La kushoto lilikuwa na maji, la kulia tupu. Kasi alichota kushoto kwa kikombe kikubwa akamwaga kulia. Mrefu alichota kulia kwa kikombe kidogo akarudisha kushoto. Kadiri maji yalivyopungua kushoto, ndivyo kikombe cha Kasi kilivyopata kidogo. Mwishowe walipeleka na kurudisha kiasi kilekile, na kina hakikubadilika tena. Mwalimu akachora mstari mwekundu kwenye beseni la kulia.

"Tukichota haraka zaidi, maji yataupita huo mstari," Kasi alitamba mbele ya darasa zima. "Mtaona wenyewe!"

Baada ya masomo wawili hao walirudisha maji yote kushoto, wakachota upya hadi jasho likawatoka. Maji yalifika kwenye mstari upesi ajabu, kisha yakagoma hapo hapo.

"Basi tena," Mrefu alisema akihema. "Ngoja nilete rula tupime."

Kasi alibaki peke yake. Aliwaza jinsi darasa litakavyomcheka. Akachota jagi zima kushoto, akalimimina kulia. Maji yakaupita mstari.

Mrefu alirudi akifuatana na mwalimu.

"Hee! Yamepandaje?" Mrefu alishangaa.

"Nimeongeza bidii," Kasi alijibu, macho yake yakiwa sakafuni.

"Vizuri," mwalimu alisema. "Hebu endeleeni kuchota nione."

Wakachota. Maji ya kulia yakaanza kushuka polepole. Kasi aliongeza mwendo, Mrefu akaenda naye sambamba, lakini wapi! Hayakutulia mpaka yaliporudi kwenye mstari uleule. Mrefu alimtazama rafiki yake, akaelewa.

Kasi akaweka kikombe chini. "Mwalimu, nimedanganya. Nilimimina jagi moja. Niliogopa kuchekwa."

Mwalimu hakumgombeza. "Umesema mwenyewe, hilo ni jema. Sasa niambie, umeona nini?"

Kasi alifikiri. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukurupuka. "Haraka inatufikisha mapema, ila haituhamishii mahali pa kufikia. Hata nikiyasukuma, yanarudi."

"Na ukibadilisha vikombe?"

"Hapo ndipo mstari utahama!"

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa pomoni. Kasi alisimama wima, sauti yake ikafika hadi viti vya nyuma. "Nilitamba kwamba maji yataupita mstari. Nilikosea, na leo nitawaonyesha kwa nini." Akamwita baba yake Mrefu, akamkabidhi jagi la maji aliyoyachota kushoto. "Mzee, mimina kulia upendavyo." Mzee akamimina kwa mbwembwe, watu wakacheka. Wasichana wakachota, na maji yakarejea mstarini mbele ya macho ya wote. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwalimu alisimama kando yao. "Kila mmenyuko wa namna hii una namba yake ya msawazo, kama mstari huu," alisema. "Joto lisipobadilika, kama vikombe hivi visipobadilishwa, namba hiyo haibadiliki. Kichocheo, yaani kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko, huharakisha safari tu. Nanyi wanangu, kasi ni kipaji, itumieni. Lakini ukweli hausukumwi kwa jagi. Mwenye kuukubali mapema ndiye anayejifunza mapema."