Des Pruett na Mlango wa Sehemu ya Tisa

Ndugu zangu wa Tarrawood, hapa Tasmania, na ninyi mnaopita tu dukani kwangu kutia petroli na kununua soseji, leo nawaomba mnitegee sikio. Nitamsema mtu, na mtu mwenyewe yu hai, yuko palepale juu ya kilima na ng'ombe wake, na ruhusa amenipa. Aliniambia, "Thelma, sema tu, ila usitie chumvi." Nimemwahidi kwamba nitajitahidi.

Ilikuwa Jumapili moja ya Novemba, siku nzuri ya kiangazi kinachoanza. Des Pruett alikuwa ameshamaliza kukamua. Ng'ombe wake walikuwa wamezoea kwamba Jumapili wanakamuliwa saa nane mchana, wapende wasipende, kwa sababu saa kumi na moja jioni bwana mkubwa anataka kukaa mbele ya televisheni kutazama "Njia ya Halsin". Mkewe, Noreen, alikuwa ameoka skonzi, amezipaka jamu na malai, na kuzileta sebuleni akinyata kwa vidole vya miguu kama mtu anayeiba nyumbani kwake mwenyewe. Katika nyumba ile ilikuwa marufuku kuongea wakati tamthilia ikiendelea. Hata kutafuna kulikuwa na mipaka yake.

Kwa wasioifahamu, Halsin ni merikebu ya angani inayobeba watu mia tatu kwenda kwenye nyota nyingine, na nahodha wake ni mwanamke mmoja aitwaye Ibrel ambaye hajawahi kucheka tangu sehemu ya kwanza. Siku hiyo ilikuwa sehemu ya tisa. Moto ukazuka sehemu ya chini ya merikebu, moshi ukatanda, na fundi Toma, yule kijana mpole anayerekebisha kila kitu, akawa anakuja mbio kwenye ukumbi mrefu. Nahodha akamwona anakuja. Akabonyeza kitufe, mlango ukafungwa, fundi akabaki nje, upande wa moto. Watu mia tatu wakaokoka.

Noreen alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kikombe mkononi. Akasema, "Angemngoja."

"Shh," akasema Des.

"Sekunde kumi tu, Des. Angemngoja."

"Noreen, nyamaza bwana, unanikosesha maneno."

Noreen akanyamaza. Alikuwa na uzoefu wa miaka thelathini na mmoja wa kunyamaza.

Tamthilia ilipokwisha, Des hata hakugusa skonzi ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, kwenye ule ukurasa wa mtandaoni ambapo watazamaji wa nchi nzima hutoa maoni yao. Akaipa sehemu ya tisa alama kumi kwa kumi na kueleza kwa aya saba kwa nini nahodha alikuwa sahihi. Usiku huohuo akajibiwa na mtu wa Townsville aliyejiita Bwana Kimondo. Bwana Kimondo alitoa alama mbili, tena akasema hizo mbili ni kwa ajili ya mavazi.

Jamani, hapo ndipo moto ulipowaka. Jumatatu walibishana kuhusu mlango. Jumanne wakabishana kuhusu hewa iliyobaki kwenye ukumbi, mpaka Des akapiga hesabu ya ujazo wa ukumbi kwa kutumia tangi lake la maziwa. Asubuhi hiyohiyo mtamba wake mmoja alizaa peke yake nyuma ya banda, na kama si Noreen kwenda na taulo, ndama yule angeganda kwa ukungu wa asubuhi. Noreen akarudi na mikono yake imejaa tope.

"Amezaa jike," akamwambia.

"Ehe, vizuri," akasema Des bila kugeuka. "Hebu sikia alichoandika huyu mpumbavu wa Townsville."

Noreen alisikia chote. Kisha akaenda kuoga, akapanga nguo kwenye sanduku, akabandika barua kwenye friji, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe na koti amelivaa kabisa.

"Des, naenda Perth kwa dada yangu Lorna. Sijui nitarudi lini."

Na sasa naomba mnisikilize vizuri, maana jibu lake nilipewa na Noreen mwenyewe saa moja baadaye, akiwa amekaa juu ya sanduku lake mbele ya duka langu akisubiri basi la uwanja wa ndege. Mume wake wa miaka thelathini na mmoja alimjibu hivi: "Sawa. Funga mlango, upepo unaingia."

Nilimletea chai. Nilitaka kumfariji lakini nilishikwa na kicheko, Mungu anisamehe, naye akacheka pia, halafu akalia. Kisha basi likaja.

Mnadhani Des aliona pengo Jumanne hiyo jioni? Hakuona. Jumatano? Alikula mkate na nyanya, akadhani Noreen yuko kwenye ukumbi wa kanisa na akina mama wenzake. Barua ya kwenye friji aliifunika kwa karatasi yake ya kulinganisha alama za sehemu zote tisa. Mji mzima ulijua kwamba Noreen ameondoka. Mbwa wake alijua. Yeye ndiye aliyekuwa hajui.

Ijumaa alikuja klabuni kwa ajili ya bahati nasibu ya nyama, kama sote tunavyofanya kila Ijumaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake tiketi yake ikaitwa. Kelvin, anayesimamia baa, akamkabidhi trei: mbavu za kondoo, soseji, kipande kikubwa cha nyama ya kuchoma.

"Hongera, mzee," Kelvin akasema. "Utaipika mwenyewe?"

"Mimi? Noreen atapika."

Wale waliokuwa wakicheza kurusha mishale ukutani wakaishikilia mikononi.

"Des," Kelvin akasema kwa sauti ya chini, "Noreen yuko Perth. Tangu Jumanne."

Nilikuwa nimekaa meza ya pili, nikaona uso wake. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mtu huyu, nimeweka maneno tayari mdomoni, lakini nilipoona anavyoishika ile trei ya nyama, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, maneno yakanikauka. Alisema tu, "Alifunga mlango," akatoka.

Nyumbani akaisoma barua. Haikuwa ndefu. Ilisema, "Unajua maoni ya mtu wa Townsville usiyemjua hata sura. Yangu huyajui hata moja. Siku ukitaka kuyajua, namba ya Lorna unayo."

Akapiga simu papo hapo. Noreen akapokea.

"Nataka kuyajua," akasema Des. "Niambie. Tuanze na ile sehemu ya tisa."

"Nilikwambia. Angemngoja."

"Lakini Noreen, ukipima hewa iliyokuwa imebaki kwenye ule ukumbi..."

Simu ikakatwa. Ilikuwa imedumu chini ya dakika moja.

Kesho yake akaja dukani kwangu amenywea. Nikampa yangu yote, na mimi mdomo ninao, sikatai. Nikamwambia, "Wewe ulioa mke au uliajiri mtazamaji wa kubishana naye? Mpigie Jumapili baada ya sehemu ya kumi, muulize ameonaje, kisha ufunge bakuli lako." Akakubali. Akampelekea Noreen ujumbe kwamba Jumapili atampigia amsikilize, na Noreen akajibu kwamba atakuwa karibu na simu.

Jumapili ikafika. Sehemu ya kumi ikaisha saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili na dakika moja Des alikuwa ameshika simu, machozi yanamlenga, moyo umejaa mapenzi ya kweli, na Noreen alipoitika tu, akasema, "Noreen, mke wangu, ulikuwa sahihi, Toma yu hai, kumbe alijificha kwenye tangi la maji!"

Upande wa pili kikasikika kikombe kikiwekwa mezani.

"Noreen?"

"Des," akasema Noreen, "huku ni saa tisa alasiri."

Sasa ndugu zangu, kuna mtu gani wa Tasmania asiyejua kwamba kiangazi Perth, upande wa pili wa nchi, wako nyuma yetu saa tatu nzima? Mtoto wa shule ya awali anajua. Tamthilia yenyewe huwafikia saa tatu baada ya sisi. Tena Des huyuhuyu ndiye aliyeandika, juu kabisa kwenye ule ukurasa wa watazamaji, kwa herufi kubwa, kwamba atakayewaharibia utamu watu wa Perth bila kutoa onyo, kabla hawajatazama, hana adabu. Noreen alisikika akimwambia dada yake, "Yu hai, kwenye tangi la maji," na Lorna akipiga yowe kwa uchungu. Kisha simu ikakatwa tena.

Ikabaki sehemu moja tu, ya kumi na moja, ya mwisho. Noreen akatuma neno kwa njia yangu: "Mwambie Jumapili nitampigia mimi, nikishatazama. Akinieleza kitu kabla sijamaliza yangu, basi nitatafuta kazi huku huku Perth." Sikuona mzaha wowote kwenye maneno hayo. Lorna alikuwa ameshamwonyesha chumba cha kuhamia kabisa.

Jumapili hiyo Des alitazama mwisho wa tamthilia nyumbani kwangu, jikoni nyuma ya duka. Aliomba mwenyewe. "Thelma, nilinde," akasema. "Sijiamini." Namba ya duka tukampa Noreen. Saa kumi na mbili muziki wa mwisho ulipolia, Des akasimama, akafungua mdomo, nikamwekea gunia la viazi mbele yake pamoja na kisu.

"Menya."

"Thelma, umeona yule nahodha alivyo..."

"Menya, bwana."

Akamenya. Nimefuga mbwa, nimelea watoto wanne, sijawahi kuona kiumbe kinachoteseka namna ile. Kila baada ya kiazi kimoja anavuta pumzi, midomo inacheza, analimeza neno. Saa moja Kelvin akapitia kununua maziwa, akachungulia jikoni, akauliza, "Wazee, mmeuonaje mwisho?" Des akajitia kiazi kibichi mdomoni na kukitafuna chote huku akimtazama Kelvin. Kelvin akachukua maziwa yake akaondoka bila kuomba chenji. Saa mbili gunia likawa nusu. Nje jua lilikuwa bado linakataa kuzama, na kule Perth ndiyo kwanza muziki wa mwanzo ulikuwa unalia.

"Na kama hatapiga?" akaniuliza.

Nikamsogezea viazi.

Saa tatu na dakika nne simu ikalia. Nikaipokea, nikabonyeza kitufe cha spika ili aweze kusikia akiwa amekaa, nami sikwenda mbali, kwani jikoni ni kwangu.

"Umeonaje?" Des akauliza. Hakuongeza neno.

Noreen akaanza polepole. Akasema mwisho haukumridhisha. Toma amegonga mlango, nahodha amefungua, amemwomba radhi mbele ya watu wote, na Toma kachukua zana zake kaenda kurekebisha injini. "Kama vile hakuna kilichotokea," akasema Noreen. "Mimi nisingeingia. Ningekaa palepale nje kwanza, mpaka aniulize nimeonaje huko nje, peke yangu, muda wote ule."

Nilimtazama Des. Najua alikuwa ameupa mwisho ule kumi kwa kumi, maana alikuwa ameandika namba hiyo kwa kisu kwenye ganda la kiazi. Alikuwa na hoja, nilimwona nazo, zimemjaa shingoni. Akazimeza.

"Noreen," akasema, "umeonaje huko nje?"

Noreen akaanza kusema, na safari hii halikuwa jambo la merikebu wala nyota. Alisema kuhusu mama yake alipofariki na Des akaenda kukamua bila kumuuliza kitu. Alisema kuhusu skonzi. Alisema kuhusu ndama. Des alilia, na mara kwa mara alisema, "Ehe. Endelea." Mimi nikazima jiko nikatoka nje, kwa sababu hata mimi nina mipaka, ingawa ni michache.

Noreen alirudi Alhamisi. Nilimpeleka kilimani kwa gari langu. Mlango wa nyumba tuliukuta wazi kabisa, umewekewa tofali usijifunge. Des alikuwa ameuacha hivyo tangu Jumapili, kila siku, ili mkewe asije akakuta umefungwa. Sebuleni kulikuwa na majani makavu, kuku wawili walikuwa juu ya kochi, na mmoja alikuwa ametaga kwenye kikapu cha nyuzi za Noreen za kufumia. Des akasimama katikati yao na aproni kiunoni, hajui aweke wapi mikono.

Noreen akamtazama, akawatazama kuku. Akaweka sanduku lake chini, ndani.

"Funga mlango, Des," akasema. "Upepo unaingia."

Funzo la hadithi hii

Ndugu zangu, sisemi mtu asitazame tamthilia, wala asitoe maoni. Maoni ni mazuri, na Bwana Kimondo wa Townsville naye nasikia ana mke. Ninachosema ni hiki: anayekaa na wewe nyumba moja ana maoni pia, na yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Ukimuuliza, mngoje amalize. Ukiwa unajua neno litakalomharibia, limeze, hata kama ni kwa saa tatu, hata kama ni pamoja na kiazi kibichi. Usingoje mpaka uambiwe klabuni, mbele ya watu, ukiwa na trei ya nyama mikononi, kwamba mwenzako ameondoka.

Na kuhusu yule nahodha, kama alikosea au alipatia kuufunga ule mlango, mimi Thelma ninayo maoni yangu, tena mazito. Wiki tatu nzima mji huu umebishana ndani ya duka langu, mmeegemea kaunta yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.